Jini, Mtemi na Binti wa Mwaloni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mapenzi ya Nguvu Zisizo Sawa Katika Simulizi za Fantasia

Ukurasa huu ni wa watunzi wa Mwanza na mwambao wote wa Ziwa Victoria wanaoandika simulizi za mapenzi zenye majini, wafalme wa vilindini, waganga na watu wasiokufa. Majibu mengine ni marefu, mengine mistari miwili, kwa sababu maswali yenyewe hayana uzito mmoja.

"Nguvu zisizo sawa" maana yake nini hasa?

Mmoja kati ya wapenzi ana kitu ambacho mwenzake hawezi kuishi bila hicho, au hawezi kukikimbia. Watunzi wengi huona miujiza peke yake: huyu anapaa, yule hapai. Lakini nguvu huingia kwa milango mingi: miujiza, umri, riziki, cheo, siri anayoijua mmoja tu, ukoo ulio nyuma ya mtu, na deni. Deni ndilo linalosahaulika kuliko yote, na ndilo linalobana kuliko yote.

Jini anayeweza kupasua mawe ya Bismarck, yale majabali ya ziwani Mwanza, kwa kidole huenda asiwe tishio lolote kwa mchuuzi wa dagaa. Tajiri mwenye mtumbwi, anayejua kwamba Ijumaa mchuuzi huyo ana marejesho ya kikoba, ni tishio hata kama hana hirizi hata moja.

Kabla ya kuandika sehemu ya kwanza, chukua karatasi, uigawe mara mbili, majina ya wapenzi yakae juu. Pitia aina zote saba na uandike nani anazo na kwa kiasi gani. Upande mmoja ukijaa wote na mwingine ukabaki mtupu, bado huna wahusika wawili. Una mhusika mmoja na mali yake.

Kwa hiyo ni kosa kuandika mapenzi ya jini na binadamu?

Hapana. Nguvu zisizo sawa ndizo zinazoipa simulizi ya namna hii joto lake. Ukiziondoa, unabaki na vijana wawili wanaokunywa soda Capri Point, nayo ni hadithi nzuri lakini si hii. Kosa ni kumfungia aliye dhaifu kila njia ya kutokea, kisha kuliita hilo penzi.

Nitajuaje kama nimemfungia?

Jiulize swali moja: akikataa leo usiku, kesho asubuhi anaamkia nini? Lijibu kwa maandishi, kwa vitu vinavyoshikika. Analala wapi? Anakula nini? Nani yuko upande wake? Aliyemsaidia kukataa anapatwa na nini?

Tuchukue mfano unaoandikwa sana huku. Kabula anauza dagaa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki. Jini wa vilindini anampenda, na kila mtumbwi anaonunulia Kabula unarudi umejaa. Vizuri. Sasa Kabula anakataa. Kesho mitumbwi inarudi mitupu, debe zake tatu hazina kitu, na wiki ijayo ni mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa haitoki kabisa. Marejesho yanamsubiri. Hapo jini hakumtisha kwa neno hata moja, lakini Kabula hana njia. Akisema "nakupenda", msomaji wa mwambao huu hatasikia penzi, atasikia ngono kwa samaki, yaani mwanamke kulazimika kutoa mwili wake ndipo auziwe samaki, jambo ambalo wanawake wengi wanaonunua samaki mialoni wanalijua kwa jina na kwa uso.

Unaweza kuirekebisha bila kumpunguzia jini hata chembe ya uwezo. Mpe Kabula mteja wa pili, au shamba la mama yake kule Kisesa, au shoga anayemkopesha debe. Au mfanye jini aseme mapema, na atimize, kwamba samaki watakuja hata akikataliwa. Neno "atimize" ndilo lenye uzito hapo. Lazima kuwe na siku Kabula anamkatalia jambo, na kesho yake mtumbwi unarudi umejaa vilevile.

Pima na umbali. Jumba la vilindini liko mbali kiasi gani na ufukwe, na Kabula anaweza kufika juu mwenyewe? Ziwa Victoria kina chake kikubwa ni kama mita 80 tu, ukilinganisha na zaidi ya mita 1,400 za Ziwa Tanganyika. Ukiweka jumba mita 500 chini, mvuvi wa Igombe atajua hukuuliza. Kwa mtunzi, ufupi huo ni faida: mita 80 ni umbali ambao binadamu anaweza kupewa njia ya kuupanda, kwa kamba, kwa pumzi ya kuazimwa, kwa samaki wa kumbeba. Mpe mapema, kabla hajaihitaji.

Je, ziwa hili lina hadithi za zamani za kujifunzia?

Linazo, na zina akili kuliko nyingi zinazoandikwa leo. Mbili za upande wa Wajaluo zinatosha kuanzia.

Ya kwanza ni ya Nyamgondho, mvuvi maskini ambaye masimulizi yanamweka Nyandiwa, Gwassi, upande wa Kenya. Wavu wake ulimletea bibi kizee mwenye jicho moja. Akamchukua nyumbani, akawa mkewe, na ng'ombe wakajaa zizini. Usiku mmoja Nyamgondho alirudi amelewa, akamtukana, akamkumbusha alikomwokota. Yule mama akainuka, akatembea kuelekea ziwani, na mifugo yote ikamfuata hadi majini. Mume akabaki ameegemea fimbo yake akitazama, mpaka akageuka mti.

Angalia jinsi nguvu zilivyogawanywa. Mume ana boma, jina na haki ya mwenye nyumba. Mke ana utajiri wote, lakini kwa nje anaonekana kiokotwa. Kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake hana, na mke anaijua njia ya kurudi majini tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana tusi linaposemwa tunatetemeka: tunajua kwamba mlango uko wazi na mwenye kuutumia hana sababu ya kubaki. Mtunzi aliyemnyima mhusika wake mlango hawezi kuandika tukio hilo.

Ya pili ni ya Luanda Magere, shujaa ambaye mkuki haukuingia mwilini mwake. Maadui zake walimpa binti awe mkewe. Alipougua, akamwambia mke achanje kivuli chake badala ya ngozi. Damu ikatoka kivulini, siri ikajulikana, mke akaipeleka kwao, na vitani kivuli kikachomwa. Msimulizi wa kawaida humlaumu mke. Mtunzi wa mapenzi anatakiwa aulize swali ambalo hadithi inaliruka: nani alimuuliza huyo binti kabla ya kumtoa? Alitumwa na baba zake na akapokewa na adui, dhaifu kuliko wote ndani ya nyumba ile, na silaha aliyopewa ni wembe wa kuchanjia. Humo kuna riwaya nzima.

"Lakini alichagua mwenyewe!" Hilo halitoshi?

Inategemea alichagua kati ya nini na nini. Usukumani watu wanaijua chagulaga: vijana wanamfuata binti anayetoka ngomani au gulioni, wanamzunguka, wanamwambia achague mmoja wao. Kuchagua anaruhusiwa. Kutochagua haruhusiwi.

Simulizi nyingi za fantasia ni chagulaga yenye mapambo. Binti anakusanyiwa wafalme watatu, wa moto, wa maji na wa upepo, na dunia itaangamia asipoolewa na mmoja wao. Mtunzi anajivunia kwamba shujaa wake "amechagua". Kama unaupenda mpango huo, weka jibu la nne, "simtaki yeyote", na uliandike kwa uzito: atalipa gharama gani, nani atakasirika, na dunia itaokolewaje kwa njia nyingine. Hata asipolichukua, kuwepo kwake kutayafanya yale matatu kuwa chaguo.

Limbwata, samba na kuandikiwa: nivitumieje?

Kwa uangalifu, maana msomaji wetu anavifahamu kabla hujamweleza.

Limbwata ni rahisi kuhukumu. Aliyelishwa hajakubali, na chochote kinachofuata kabla dawa haijatoka hakiwezi kuitwa mapenzi, hata mlishaji awe mzuri wa sura namna gani. Mtunzi anayetaka kulitumia ahesabu siku. Dawa inakaa muda gani? Inatokaje? Aliyelishwa anakumbuka? Tukio lenye nguvu katika simulizi ya limbwata ni asubuhi dawa inapokwisha, mtu anapotazama kitanda asichokitambua. Watunzi wengi huliruka kwa sentensi moja. Lipe sehemu nzima.

Samba ni jambo jingine. Hii ni dawa ya mvuto, na kwenye mashindano ya Bagika na Bagalu, makundi mawili hasimu ya ngoma ya Wasukuma, ambako mshindi ni aliyevuta watu wengi, kila mmoja uwanjani anajua kwamba wachezaji wametengenezwa. Mtazamaji anavutwa akijua kuna kamba, na anaweza kugeuka akaenda upande wa pili. Kama unataka uchawi wa mvuto unaoacha nafasi ya hiari, tumia sheria za samba: unatangazwa, unavuta macho tu, haugusi uamuzi.

Kuandikiwa ndiko kugumu zaidi. "Nyota zao zimefungwa tangu kuzaliwa" ni sentensi tamu, na inammalizia mtunzi kazi yote ya kuwafanya wapendane. Tatizo ni kwamba aliye na nguvu hufurahia kuandikiwa, na asiye nazo hukamatwa nako. Tenganisha mambo mawili: kilichoandikwa kiwe ni kukutana, kubaki kuwe ni uamuzi wa watu. Na weka ushahidi ndani ya dunia yako: taja mahali fulani wawili walioandikiwa wakaachana na wote wakaishi. Aya moja inatosha. Bila hiyo, kila "ndiyo" ya shujaa wako inatoka kwa mtu aliyekwisha ambiwa kwamba hakuna neno jingine.

Lugha yenyewe inaweza kunisaliti?

Sana, na hapa ndipo tunawaomba watunzi wakae muda mrefu.

Soma kipande hiki:

*Kabula alijikuta amevutwa kifuani mwa jini. Alishikwa mkono, akainuliwa, akapelekwa chini ya maji. Moyo ulimwenda mbio. Alijikuta akimpenda.*

Tafuta tendo moja alilofanya Kabula. Hakuna. Amevutwa, alishikwa, akainuliwa, akapelekwa, na mara mbili "alijikuta". Neno hili "alijikuta" limeenea kwenye simulizi zetu za mapenzi kama magugumaji, na kazi yake ni moja: kumpitisha mtu mahali pa uamuzi bila yeye kuamua.

Sasa hiki:

*Jini alisimama, maji yakimfika kiunoni. Hakusogea. Kabula alitua debe, akajifunga khanga upya. Aliitazama kamba ya mtumbwi, akaona bado imefungwa kwenye jiwe. "Nikija," alisema, "kamba hii naishika mwenyewe." Jini aliitazama kamba, akaitikia kwa kichwa. Kabula akaingia majini.*

Jini hajapungukiwa na chochote. Ni yuleyule. Lakini Kabula ana matendo sita na kamba moja, na joto limepanda badala ya kushuka, kwa sababu sasa kuna mtu anayekuja.

Zoezi lenyewe ni hili: chukua kurasa tatu zenye wapenzi wote wawili, upigie mstari kila kitenzi, uandike kando herufi ya mtendaji. Kisha zungushia kila kitenzi cha kutendwa na kila "alijikuta". Ikiwa aliye dhaifu anapata chini ya theluthi ya matendo katika kurasa zote tatu mfululizo, andika upya.

Kiswahili kina mtego mwingine: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Huwezi kuikwepa sarufi hiyo, lakini unaweza kuitumia. Mganga wa kike mwenye miaka 400 akisema "nitamwoa" mbele ya wazee, kila msomaji atasimama. Na iko "kuoana", ambayo watunzi huisahau.

Halafu salamu. Jini ana miaka 300, binti ana 24. Anamwamkia "shikamoo"? Akimwamkia, jini anaitikia "marahaba"? Usiliache jambo hilo hewani, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili analisubiri tangu wakutane. Panga: sehemu ya 2 anamwamkia kwa hofu, sehemu ya 7 jini anamwomba aache, naye anaendelea makusudi kwa sababu shikamoo inamweka jini mbali, sehemu ya 12 anamsalimu "habari za asubuhi" na jini anashindwa kujibu. Umeonyesha nguvu zikihama bila kueleza kitu.

Umri wa karne tatu na umri wa binadamu: mpaka uko wapi?

Wote wawili wawe watu wazima, kwa mwili na kwa akili, na umri utajwe ndani ya sehemu mbili za mwanzo. Miaka 18 ni sakafu, na tunashauri 20 na zaidi. "Ana sura ya msichana wa miaka 14 lakini roho yake ni ya kale" haikubaliki, wala kinyume chake. Kusingizia mila au ndoa hakusaidii: Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15, Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinavunja Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakazia uamuzi huo mwaka 2019. Msimwandike mwanafunzi wa sekondari kama mchumba wa jini. Hata mara moja.

Tofauti ya karne tatu kati ya watu wazima inafaa, mradi karne hizo zionekane. Mtu wa miaka 300 amezika wapenzi wangapi? Aliwatendeaje? Mpe binti nafasi ya kumuuliza hilo, na apate jibu kutoka kwa mtu mwingine tofauti na jini mwenyewe.

Mwalimu wa uganga na mwanafunzi wake?

Subiri mafunzo yaishe, au mhamishie mwanafunzi kwa mwalimu mwingine kabla hawajagusana. Anayetoa alama, jina au hirizi ya kuhitimu hawezi kuwa mpenzi wa anayeisubiri. Nchini mwetu hilo lina jina, rushwa ya ngono, na limekatazwa na kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007.

Mpenzi ni mtemi au mfalme. Nani anaweza kumzuia?

Swali zuri, na historia ya Usukuma inalijibu vizuri kuliko falme za kuigiza ambazo mfalme hufanya apendavyo. Mtemi alikuwa na banang'oma, wazee waliomchagua, na mvua ikikatika kiti chake kilitikisika. Watemi walifutwa kisheria mwaka 1963, lakini mpangilio huo bado ni hazina kwa mtunzi. Mfalme mwenye watu wa kumwajibisha anavutia zaidi katika mapenzi: kila anachompa mpenzi wake anakitolea hesabu mahali fulani. Andika orodha ya watu watatu wanaoweza kumwambia mfalme wako "hapana" wakabaki hai. Ukikosa hata mmoja, mpenzi wake yuko hatarini kuliko unavyodhani, na msomaji makini ataliona hilo kabla yako.

Nisawazisheje nguvu mwishoni?

Njia mbili hutumiwa sana na zote ni dhaifu. Moja ni kumnyang'anya jini uwezo wake. Nyingine ni kugundua ghafla kwamba binti naye ni malkia aliyefichwa. Ya kwanza inamwadhibu mtu kwa kuwa alivyo, na msomaji aliyempenda akiwa jini anaona ameibiwa. Ya pili ni mbaya zaidi, maana inasema mchuuzi wa dagaa asingestahili heshima kama angebaki mchuuzi wa dagaa.

Njia bora ni kuacha tofauti ibaki na kubadilisha masharti. Aliye na nguvu akabidhi kitu kinachomgharimu kweli: siri ya kivuli chake, ufunguo wa njia ya juu, haki ya kuitwa na kufukuzwa. Makabidhiano yawe na mashahidi, na yasirudishwe. Kisha aliye dhaifu akitumie angalau mara moja dhidi ya matakwa ya mwenzake. Ufunguo ambao haujawahi kugeuzwa kwenye kitasa bado ni zawadi tu.

Naweza kuandika mhusika anayevunja ridhaa?

Ndiyo. Weka tahadhari ya mstari mmoja juu ya sehemu hiyo, usiipambe kwa lugha ya mahaba, na usimrudishe sehemu inayofuata akiwa na maua.

Wasomaji wangu wanataka jini mkali. Nikimlainisha watanikimbia.

Usimlainishe. Ukali na ukatili ni vitu viwili. Mkali ana hasira, ana wivu, ananyamaza siku nzima, anapasua mawe. Mkatili anamfanya mpenzi wake alipie hasira hiyo. Msomaji anayependa mkali anataka kuona nguvu kubwa ikijizuia mbele ya mtu mmoja, basi mwandikie kujizuia kwenyewe: mkono ulioinuliwa kufunga mlango ukashushwa, dhoruba iliyosimama nje ya kisiwa cha Saanane bila kugusa mtumbwi wa Kabula. Huko ndiko kuna msisimko.

Niko sehemu ya 18 na nimegundua jini wangu alimteka binti sehemu ya 3. Nifanyeje?

Usifute sehemu za nyuma kimyakimya, wasomaji wameshazihifadhi kwenye simu zao. Rudi sehemu ya 3 na uandike pembeni kilichochukuliwa siku ile, kwa majina: mtumbwi, debe, wiki mbili za biashara, mama aliyemlilia. Katika sehemu ya 19 binti akitaje kila kimoja mbele ya jini, na jini asijibu kwa zawadi. Nyumba ya bati na cheni ya dhahabu havilipi mtumbwi. Arudishe mtumbwi uleule, ampandishe hadi ufukweni, aondoke.

Halafu mwache binti akae nchi kavu sehemu mbili au tatu nzima, auze, alipe kikoba, amweleze mama yake, acheke na mashoga zake, jini asionekane hata kivuli. Wasomaji watalalamika kwenye kundi kwamba simulizi imepoa. Vumilia. Kama kuna siku atakayorudi ziwani, na si lazima iwepo, msomaji atahitaji kumwona akiifungua kamba ya mtumbwi mwenyewe, mchana, watu wakiona.